Nafasi Ikibana, Nani Apunguzwe?

Swali langu ni dogo, na wapo watakaolicheka. Nauliza hivi: mtu anayepanga vitu kwenye kioo cha simu, akaamua hiki kikae juu na kile kikae chini, hiki kiwe kipana na kile kijibane, je, mtu huyo anafanya kazi ya mikono tu, kama fundi anayepanga vigae, ama anafanya jambo ambalo siku moja anaweza kuulizwa kwa nini alilifanya hivyo? Mie nasema ataulizwa. Na nasema hivyo nikijua kwamba wenzangu wengi wa kazi hii ya kuandika programu hawakubaliani nami, na wengine nimeshabishana nao mpaka chai ikapoa.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe, ndugu msomaji, maana huenda simu unaishika kutwa nzima lakini hujawahi kuona inavyoshonwa kwa ndani. Unachokiona kwenye kioo, jina la programu kule juu, salio lako, orodha ya watu uliowatumia pesa, kitufe cha kijani kule chini, hakuna hata kimoja kilichobandikwa moja kwa moja juu ya kioo. Kila kimoja kimo ndani ya kisanduku kisichoonekana. Kisanduku hicho kimo ndani ya kingine, na hicho kingine ndani ya kikubwa zaidi, mpaka ufike kwenye kile cha mwisho ambacho ukubwa wake ndio ukubwa wa kioo chenyewe. Wenye fani huviita kontena. Jina hilo halinikai mdomoni, kwa sababu kwetu neno hilo limeshabeba mizigo mingine: mtu akitamka kontena mie naona lile la bandarini, au lile lililotobolewa dirisha ubavuni likawa duka la vocha na soda. Kwa hiyo nitasema visanduku, basi.

Visanduku vina tabia zake. Kipo kinachopanga vitu kwa mlalo, kimoja ubavuni mwa kingine, kama abiria kwenye kiti kirefu cha daladala. Kipo kinachopanga kwa wima, kimoja chini ya kingine, kama majina kwenye daftari la mahudhurio. Na kipo kinachovipandanisha, kimoja juu ya kingine, cha juu kikakifunika cha chini. Kwa hivyo vitatu, mlalo, wima na mpandano, unaweza kujenga karibu kila programu uliyowahi kuigusa. Simu za kwanza za Android za mwaka 2008 zilikuwa navyo. Google walipotoa toleo la kwanza kamili la Flutter mwezi Desemba 2018 vilikuwemo, na Apple walipoleta SwiftUI mwaka 2019 wakavipa majina mengine, lakini ukivitazama ni vilevile. Majina yanabadilika, kiti cha daladala ni kilekile.

Sasa sikiliza lugha wanayoitumia. Kisanduku cha nje huitwa mzazi. Kilichomo ndani yake huitwa mtoto. Sikuyatunga mie maneno hayo ili insha yangu ipate nyama, ndivyo yalivyo katika vitabu vya kazi. Na katika Flutter, ambayo ndiyo ninayoijua zaidi, kuna kanuni moja ambayo usipoielewa utalia usiku kucha. Mzazi humpa mtoto mipaka: usipungue hapa, usizidi hapa. Mtoto hujipima ndani ya mipaka hiyo na kurudisha jibu: mie nimefika upana huu na urefu huu. Kisha mzazi ndiye anayeamua mtoto akae wapi. Mtoto mwenyewe hajui amewekwa sehemu gani ya kioo. Hajui kama yuko juu kabisa ambako kila jicho litamwona, au kule chini ambako hafikiwi mpaka mtu avute kwa kidole. SwiftUI wao wana malezi tofauti kidogo. Mzazi anapendekeza ukubwa, lakini mtoto anachagua wake, na mzazi hana budi kuuheshimu hata kama mtoto atachomoza nje ya nyumba. Bibi yangu malezi ya namna hiyo asingeyakubali, lakini hayo tuyaache.

Ninachotaka ukione kipo kwenye kile kiti cha daladala, yaani kile kisanduku cha mlalo. Kioo cha simu ni chembamba. Ukipanga vitu vitatu kwa mlalo, tuseme picha ndogo, sentensi, na kitufe, mara nyingi havitoshi. Nani asogee? Flutter inajibu hivi. Wale ambao hukuwaambia chochote, wale wasiojikunja, wanapimwa kwanza, tena wanapimwa kana kwamba nafasi haina mwisho. Kila mmoja anachukua anachotaka. Wakishakaa, ndipo kinachobaki wanagawiwa wale uliowaandikia kwamba wao ni wa kunyumbuka. Kwa kifupi, mgumu anakaa kwanza na anayekubali kujikunja anapata masalio. Niliposoma jambo hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, manake nilidhani nasoma habari za mashine, kumbe nasoma habari za mtaani kwetu.

Na ikitokea wagumu peke yao wamezidi kioo? Hapo Flutter inafanya kitu kizuri sana. Inachora pembeni, pale vitu vilipomwagika, michirizi ya njano na nyeusi, kama ile unayoiona barabarani penye shimo. Mwandishi wa programu hawezi kusema hakuiona. Ni mibaya, inaumiza macho. Lakini michirizi hiyo huonekana wakati wa kutengeneza tu. Programu ikishafungwa na kupelekwa kwa watu, michirizi haitokei tena, na kilichozidi kinakatwa kimyakimya. Yaani onyo anapewa fundi peke yake. Mtumiaji hapewi onyo, anapewa kilichokatwa.

Sasa kijana anayejifunza kazi, akiiona michirizi, anafanya nini? Anauliza wakubwa, na wakubwa wanamwambia: ah, hiyo rahisi, ile sentensi ifanye ya kunyumbuka, iwekee mstari mmoja, ikizidi iishie kwa vinukta vitatu. Anafanya hivyo. Michirizi inatoweka. Kioo kinapendeza. Kila mtu anaenda nyumbani. Lakini tazama vizuri kilichotendeka pale: nafasi haikuongezeka hata kidogo. Aliyetafutwa ni wa kupunguzwa, na amepatikana, naye ni sentensi. Picha haikuguswa. Kitufe hakikuguswa.

Nitaeleza kilichonifanya niache kulitazama jambo hili kama ufundi mtupu. Mama yangu mkubwa yuko Tanga, anauza maandazi asubuhi na samaki wa kukaanga jioni. Mwaka juzi alikopa shilingi 200,000 kwa kutumia programu moja ya simu, ya unga na dumu la mafuta. Nilipokwenda kumsalimia aliniita kabla sijakaa.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Njoo unisomee hii, maana naona inanidai pesa nisizozijua."

Nikaisoma. Ilikuwa inadai shilingi 260,000.

"Lakini mie nilisoma," akasema. "Riba asilimia moja. Asilimia moja ya laki mbili si elfu mbili? Au siku hizi hesabu zimebadilika?"

Hesabu hazikuwa zimebadilika. Alikuwa sahihi. Nikamwomba anioneshe alipoona, akafungua ukurasa wa kukopa, na kweli palikuwa na mstari mmoja: upande wa kushoto kipicha cha noti, katikati maneno "Riba ni asilimia 1…", upande wa kulia kitufe kinene cha kijani, "Kubali". Nikatoa simu yangu, nikaiweka programu ileile, nikafungua ukurasa uleule. Kwangu palisomeka "Riba ni asilimia 1 kwa siku". Siku 30, kila siku elfu mbili, ndizo zile elfu sitini.

Tofauti ilikuwa nini? Macho. Mama mkubwa macho yake yamechoka, akakuzwa herufi za simu na kijana wa jirani. Simu nyingi zinaruhusu hivyo. Tangu Android 14 ya mwaka 2023 herufi zinaweza kufika asilimia 200 ya ukubwa wa kawaida. Ni jambo la heri kabisa. Lakini herufi zilipokua, kitufe nacho kilinenepa, maana "Kubali" nalo ni neno na lilikuzwa pia. Na kitufe, si tulisema, ni mgumu, anakaa kwanza. Sentensi ikapata masalio. Ikameza "kwa siku".

Naomba usiipite haraka hapa. Programu moja, ukurasa mmoja, kitufe kimoja. Mie ningebonyeza Kubali ningekuwa nimekubali jambo moja, yeye alipobonyeza alikubali jambo lingine. Je, hao wawili wamefunga mkataba mmoja? Wenye kampuni watasema ndiyo, maana kwenye kompyuta yao sentensi ni moja. Mie naona ridhaa haikai kwenye kompyuta ya mkopeshaji. Inakaa kwenye kichwa cha aliyebonyeza, na kwenye kichwa kile hapakuwa na neno siku.

Na lugha yetu imeongeza chumvi kwenye kidonda. Kiswahili hutaja kitu kwanza, halafu ndipo kieleze kitu hicho kikoje: mtoto, mtoto mdogo, mtoto mdogo wa kike wa jirani. Sharti linakuja mkiani. Kiingereza kwa kawaida kinatanguliza sifa, kinaweza kusema ya kila siku kabla hata ya kutaja riba, kwa hiyo ukikikata mkia unapoteza kitu chenyewe, na msomaji anashtuka: kila siku, kila siku nini? Kiswahili ukikikata mkia kinabaki sentensi kamili, yenye afya, isiyomshtua mtu. "Riba ni asilimia 1" ni sentensi nzima. Haina kilema. Ni kweli tu kwamba si kweli. Kisanduku kile kilipimwa na watu waliokuwa wakitazama maneno ya Kiingereza, kisha maneno yetu yakaja kumiminwa ndani yake kama wageni kwenye nyumba isiyojengwa kwa ajili yao.

Nilipoyaeleza haya kwa wenzangu, wa kwanza aliniambia: bwana, hakuna aliyekusudia. Huo ni ukweli, au angalau mie nauchukulia kuwa ukweli. Najua zipo programu zinazopangwa kwa hila. Mwingereza mmoja, Harry Brignull, alianza mwaka 2010 kuzikusanya hila za namna hiyo na kuzipa jina, akaonesha vitufe vya kukataa vilivyofichwa na vya kukubali vilivyopambwa. Na Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya huduma za kidijitali ya mwaka 2022, ukayakataza majukwaa ya mtandaoni kupanga kurasa zao kwa namna inayowahadaa watu. Vizuri. Lakini mlaghai ana jina lake tangu zamani, hahitaji falsafa. Kinachonisumbua ni huyu asiyekusudia.

Chukua mfano huu. Nakupa karatasi ya mkataba usaini. Nimeishika ili upepo usiipeperushe, na kidole gumba changu kimefunika mstari wa tatu. Kama nimefunika makusudi, mie mwizi. Kama sikukusudia? Wizi haupo, sawa. Lakini ukija kugundua, ukaniuliza, naweza kukujibu "sikujua kidole changu kiko wapi" halafu nikaendelea kukudai? Anayeshika karatasi ya mwenzake ana wajibu mmoja mdogo usiokwepeka, nao ni kujua vidole vyake viko wapi. Kusema kweli wajibu huo ni mkubwa zaidi kwa anayepanga visanduku, kwa sababu kidole chake hakishiki karatasi moja. Kinashika karatasi za watu elfu kwa wakati mmoja, na hamwoni hata mmoja wao usoni.

Wa pili akasema: vinukta vitatu si vipo? Vinamwambia mtu kwamba kuna yaliyobaki. Angegusa. Ninaiheshimu hoja hii kuliko ya kwanza, maana inampa mtumiaji akili. Ila nilijaribu kuugusa ule mstari, haukufunguka. Vinukta vilikuwa mlango uliochorwa ukutani. Na hata kama vingefunguka, mtu hujifunza maana ya alama kwa kuzitumia, na mama mkubwa kwenye simu yake ya herufi kubwa huviona vinukta vitatu kila mahali: kwenye majina ya watu, kwenye ujumbe, kwenye habari. Simu inamkatia kila kitu. Alishazoea kwamba kilichokatwa si cha lazima, kwa sababu mara tisini na tisa huwa hivyo kweli.

Wa tatu ndiye aliyenikamata koo. Alisema, unataka kila kitu kionekane? Jaribu basi. Weka masharti yote ya mkopo kwenye ukurasa mmoja, maneno elfu tatu, uone nani atasoma. Hapo umeficha zaidi, umeficha kwa kuonesha. Ni kweli. Kupanga ni kuficha. Hakuna kioo kisichoficha. Hata zile menyu za namba tulizozizoea tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, ambazo hazina picha wala kisanduku, zinaficha. Ujumbe mmoja wake hauzidi herufi 182, na kinachokaa namba moja kinaonekana kabla ya kinachokaa baada ya "endelea". Kwa hiyo siwezi kusimama hapa nikadai kioo kisicho na upendeleo. Hakipo. Na tukisema tugawe sawa kwa sawa, kila mtoto kipande chake, tutakuwa tumempa kitufe chenye neno moja nafasi ileile tuliyoipa sentensi yenye maneno sita, tukajipongeza kwa haki.

Lakini hoja ya huyu wa tatu, ukiipindua, inanisaidia. Kama kuficha hakuepukiki, basi swali halifutiki, linabaki kuwa moja: kipi hakipaswi kufichwa hata nafasi ikibana namna gani? Na swali hilo si geni hata kwa mashine. Katika miaka ya 1990 Alan Borning, Greg Badros na wenzao wa Chuo Kikuu cha Washington walibuni njia ya kukokotoa mipangilio ya namna hii wakaiita Cassowary, jina la ndege. Ndani yake kila sharti lina daraja: lipo la lazima, ambalo halivunjwi, na yapo ya ikiwezekana, yenye nguvu mbalimbali, ambayo nafasi ikikosekana yanaachiliwa, dhaifu kwanza. Apple waliichukua njia hiyo kwa mpangilio wao ambao uliingia kwenye simu zao mwaka 2012, na humo kila kitu kinapewa namba ya kukataa kubanwa. Namba 1000 maana yake habanwi kabisa. Usipoandika chochote, maandishi hupewa 750. Nimekaa nikaitafakari sana hiyo 750. Sentensi inayomwambia mtu atalipa nini na sentensi inayomtakia asubuhi njema, zote 750, mpaka mtu aseme vinginevyo. Mashine haijui ipi ni ipi. Inasubiri kuambiwa.

Hapo ndipo ninaposimama. Kwenye mlolongo wa watu waliomfikisha mama mkubwa kwenye zile elfu sitini, wapo wengi: mwenye kampuni aliyetaka riba ile, mfasiri aliyeandika sentensi ndefu, waliotengeneza simu, kijana wa jirani, na umri wenyewe. Kila mmoja ana la kujitetea. Aliyepanga ule mstari yuko tofauti na wote kwa jambo moja tu: yeye aliulizwa. Aliulizwa waziwazi, kwa michirizi ya njano na nyeusi: kati ya hawa watatu, nani apunguzwe? Na akajibu. Hakunyamaza, maana kazi yenyewe hairuhusu kunyamaza. Ukinyamaza michirizi inabaki. Alichagua kipicha kibaki kizima, kitufe kibaki kizima, sentensi ikatwe. Labda hakujua kwamba anajibu swali la uadilifu, alidhani anajibu swali la upana. Wengi wetu maswali mazito hutujia hivyohivyo, yamevaa nguo za kazi.

Kipimo changu mie ni hiki, na nakitoa kibishaniwe. Kilicho cha lazima kwenye kioo ni kile ambacho mtu akikiona kidole chake kingesita. Kipicha cha noti hakimsitishi mtu. Rangi ya kijani haimsitishi, tena ndiyo inayomsukuma. "Kwa siku" ingemsitisha. Si lazima imzuie. Huenda angekopa vilevile, unga ni unga na wateja wa asubuhi hawasubiri. Lakini angesita, angepiga hesabu, angeniuliza. Kusita kule kulikuwa mali yake, na alinyang'anywa na kisanduku.

Kuna jambo nililigundua baadaye ambalo bado linanikosesha raha. Simu nyingi zina msaidizi wa wasioona, anayesoma kioo kwa sauti. Kwenye Android huitwa TalkBack. Jioni moja niliiwasha kwenye simu ya mama mkubwa nikaugusa mstari ule uliokatwa. Sauti ikasoma sentensi yote: riba ni asilimia moja kwa siku. Yote! Kumbe kukata ni kwa macho tu. Ndani ya programu maneno yalikuwemo yote, na msaidizi anasoma yaliyomo, si yanayoonekana. Kwa hiyo kwenye programu ile anayeona vizuri anajua, asiyeona kabisa anajua, na anayeona kwa shida ndiye asiyejua. Nilimsomesha mara mbili nihakikishe. Mama mkubwa alisikiliza, akauliza, "Sasa huyu mama anayesema, siku ile alikuwa wapi?"

Sikumjibu, kwa sababu jibu lake ni la kiufundi na halikuwa limeulizwa kiufundi. Deni alilimaliza kwa miezi mitatu, baada ya mjomba kuweka mkono. Programu ile nimeitazama tena juzi. Kipicha cha noti wamekibadilisha, sasa kinameremeta. Mstari uko vilevile.

Kwa upande wangu, kwenye kazi ninayoifanya sasa, ambayo nayo ni ya mikopo midogo ya kikundi, mstari wa riba nimeutoa kwenye kiti cha daladala. Nimeuweka kwenye kisanduku cha wima, juu ya kitufe, bila ukomo wa mistari, na sentensi nimeipindua ianze na sharti: "Kila siku utalipa riba ya asilimia fulani." Si Kiswahili kizuri sana, sikio langu lingependa ile ya kwanza, lakini hata ukikatwa mkia, mkia si kitu. Nimeijaribu kwa herufi za asilimia 200 kwenye simu nyembamba kuliko zote nilizozipata. Sentensi inasimama nzima. Tatizo ni kwamba inakisukuma kitufe cha Kubali mpaka nje ya kioo, na mtu lazima avute kwa kidole apate kukiona.

Mwenye kazi hajapenda. Anasema kitufe kisichoonekana ni mteja aliyepotea, na yeye pia ana mishahara ya kulipa. Sina uhakika kwamba amekosea yote. Tumepanga kuonana Jumatatu tukifungue kioo hicho pamoja, na nimemwomba aje na simu ya mama yake.